Neno Lisilo na Mwenyewe

Cherehani yangu iko kibarazani, na kibaraza changu kinatazamana na gati la maji, yaani bomba la mtaa tunakonunua maji kwa dumu. Huu ni mwaka wa kumi na moja nashonea hapo hapo, na habari za mtaa wetu karibu zote zimepita masikioni mwangu. Mtu akija kupunguza suruali anaacha na neno. Anayesubiri zamu ya dumu lake huja kukaa kwenye benchi langu kukwepa jua, na akishakaa hawezi kunyamaza. Oktoba ya Dodoma, vumbi na upepo, foleni ya madumu imepinda hadi kwa muuza mkaa: watu wasipoongea watafanya nini?

Nataka kuandika habari za mama mmoja wa mtaani kwetu, ambaye hapa nitamwita Mama wa Kisima, na jinsi sisi majirani zake tulivyomshonea kosa ambalo hakulifanya. Ameniruhusu. Alichoomba ni nisitaje jina lake wala la mtaa, na sitayataja.

Lakini kabla ya hapo niutetee umbea kidogo, maana najua wengi mtadhani nimekuja kuusema vibaya. Siku hizi vijana wanauita ubuyu. "Mama, mwaga ubuyu," wananiambia wakija kuchukua nguo. Neno hilo limetukaa vizuri watu wa huku, maana mibuyu ndiyo miti yetu, na kila mtu anajua kwamba ubuyu hauliwi punje moja. Mimi nimeukulia. Nimezaliwa Kikuyu, hapa hapa mjini, nyumba za kupanga, uani mmoja familia sita. Mama yangu alijua nani hajapika leo kwa kusikiliza tu sufuria za watu. Miaka mitatu iliyopita mzee mmoja mpangaji wa mtaa wetu aliokolewa na umbea. Wanawake wawili kwenye foleni walikuwa wanamteta kwamba siku hizi analala hadi mchana kama mtoto wa tajiri. Wa tatu akauliza, "Kwani jana mlimwona?" Hakuna aliyemwona. Wakaenda kugonga, wakamkuta sakafuni hawezi hata kuita. Yuko hai hadi leo. Sitaki kuishi mtaa ambao watu hawajui cha jirani.

Na mji wetu umekuwa mji wa watu wasiojuana. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956 katika eneo ambalo sasa ni Jiji la Dodoma. Ya 2022 ikahesabu 765,179. Katikati ya hesabu hizo mbili, Julai 2016, Rais Magufuli alitangaza kwamba Serikali inahamia Dodoma kweli, jambo lililokuwa limeamuliwa tangu 1973 na kuahirishwa mwaka hadi mwaka. Waziri Mkuu akahamia Septemba ile ile. Aprili 2018 tukawa jiji. Walikuja watumishi na familia zao, mafundi ujenzi, mama lishe, bodaboda, madalali wa viwanja. Upande wangu wa mtaa zamani ilikuwa ukitaja jina la mtu unaambiwa ni mjukuu wa nani. Sasa geti linafunguliwa, gari linaingia, geti linafungwa. Humjui baba yake, hujui anasali wapi, hujui kwao kuna msiba au harusi. Basi watu wanaanza kuulizana, na kuulizana huko ndiko kunakoitwa umbea. Kwangu mimi ni namna ya kumkaribisha mtu. Unayemjua ndiye unayeweza kumpelekea uji akiumwa.

Sasa kisa chenyewe.

Maji ya mji huu kwa sehemu kubwa yanatoka ardhini. Visima vikuu viko Mzakwe, kwenye bonde la Makutupora, kaskazini mwa mji. Mvua yetu ni ya msimu mmoja, kuanzia Desemba hadi Aprili hivi, na kwa wastani hufika milimita 550 hadi 600 tu kwa mwaka. Watafiti waliopitia kumbukumbu za miaka 55 za kina cha maji ya Makutupora, kazi iliyochapishwa 2013, walionyesha jambo ambalo laiti kila mtu wa foleni angelijua: maji yale hayajazwi sawasawa na mvua za kila mwaka. Hujazwa zaidi na misimu michache ya mvua kubwa mno, kama ile ya Elnino ya 1997/98, na miaka inayofuata tunakunywa akiba. Huku watu wanaongezeka, kwa hiyo mgao lazima uwepo. Na mgao ukiwepo, mtaa wenye mwinuko kama wetu ndio unaoumia. Maji yakifunguliwa yanaanza na mabondeni. Nyumba za chini zinajaza matangi yao kwanza, msukumo unabaki mdogo, mabomba ya juu yanatoa upepo tu. Yanapoanza kutupandia sisi, saa za mgao zimekwisha. Kule chini wanasema jana maji yalitoka, huku juu tunaapa hayakutoka, na wote tunasema kweli.

Mama wa Kisima alihamia kwetu akitokea Singida, mjane mwenye watoto watatu. Alikopa, akachimba kisima, akaweka tangi la lita 5,000 juu ya mnara na koki mbili nje ya ukuta. Wakati ule gatini dumu la lita 20 lilikuwa shilingi 50, kwake shilingi 100. Maji yake yana chumvi kidogo, ya kufulia na kuogea. Gati likikauka, foleni inahamia kwake.

Oktoba ile gati lilikauka siku tisa. Siku ya sita nikaanza kulisikia neno. "Inasemekana yule mama anafunga valvu usiku, maji yasipande huku, watu wanunue kwake." Siku ya saba nililisikia mara nne. Siku ya nane nililisema mimi mwenyewe, kwa mteja wa kutoka mtaa wa pili aliyeuliza kwa nini gati letu ni kavu. Nakumbuka nilivyolisema. Nilisema, "Inasemekana."

Kumtuhumu mtu kwa maji, kwenye nchi hii ya Wagogo, si jambo dogo. Misafara ya karne ya 19 iliyotoka pwani kwenda Tabora na Ujiji ilikuwa inalipa hongo kwa watemi wa Ugogo kabla ya kuruhusiwa kupita na kuchota maji. Neno hongo tumebaki nalo, maana yake imegeuka. Kwa hiyo ukimwambia mtu wa huku kwamba fulani anazuia maji, umemgusa pabaya kuliko kumwambia fulani ameiba kuku.

Siku ya tisa usiku koki moja ya Mama wa Kisima ilipigwa kwa jiwe ikang'oka. Tangi zima likamwagika barabarani, lita 5,000, wakati watu wanalala na nguo chafu. Asubuhi tulikuta tope limetapakaa hadi mlangoni kwangu. Watu walilikanyaga wakipita na sikusikia hata mmoja akisema pole.

Mchana wake binti yake mdogo, wa darasa la tano, alikuja kwangu peke yake ameshika shati la shule. Kola ilikuwa imechanika upande mmoja mpaka begani.

"Shikamoo mama. Naomba unishonee, mama asijue."

"Marahaba mwanangu. Umefanyaje?"

"Nimeanguka."

Mimi ni fundi. Nguo ya mtu aliyeanguka huchanika kiwikoni au gotini. Kola iliyochanika hivi imeshikwa kwa mkono na kuvutwa. Nilimtazama, naye akatazama chini, akasema kwa sauti ndogo, "Wananiita mwizi wa maji." Nilishona ile kola mishono midogo midogo, polepole kuliko ilivyohitajika, kwa sababu sikutaka kuinua uso.

Kuanzia jioni ile nikaanza kufumua. Nguo ikishonwa vibaya huwezi kuipiga pasi ikanyooka. Unarudi mshono kwa mshono hadi pale sindano ilipoanzia. Nikamwendea aliyeniambia mimi. Nikamuuliza, "Uliyasikia kwa nani?" Akanitaja mtu. Nikaenda kwa huyo. Siku tatu nilizunguka hivyo, cherehani imefunikwa kitambaa. Nilitegemea mwisho wa safari nimkute mtu mmoja mwongo, mwenye chuki yake, niseme ni huyu. Sikumkuta.

Nilimkuta muuza mboga, ambaye kwa macho yake aliona tangi la Mama wa Kisima likifurika siku ya nne ya ukame. Kweli lilifurika, boya lake lilikuwa limeharibika na pampu haikuzima. Nilimkuta kijana wa bodaboda, ambaye saa tano usiku alimwona mdogo wake Mama wa Kisima ameinama kando ya chemba ya valvu, spana mkononi, tochi mdomoni. Kweli alikuwepo, ni fundi bomba, na jirani wa nyumba ya pembeni alimwita kwa sababu bomba la mita yake lilikuwa linavuja. Nilimkuta mtumishi mmoja aliyeambiwa na fundi wa mamlaka ya maji kwamba valvu ya kupandisha maji kwetu imefungwa. Kweli ilifungwa, na mamlaka yenyewe, kwa ratiba ya mgao. Wote watatu walisema kweli.

Na kipande cha nne kilikuwa changu. Wiki mbili kabla ya gati kukauka nilimshonea Mama wa Kisima mapazia ya vyumba vitatu, akanilipa papo hapo hela yote. Wateja wangu hulipa nusu, nusu nyingine tunatafutana. Siku ile, mbele ya benchi lililojaa watu, nilisema, "Biashara ya maji inalipa jamani." Niliisema kwa kumfurahia. Lakini niliisema, na watu wakaondoka nayo.

Vipande vinne vya kweli. Ana hela, ana maji ya kumwaga, ndugu yake alikuwa kwenye chemba usiku, valvu imefungwa. Aliyeviunganisha ni nani? Hata leo sijui, na naamini hajui mwenyewe. Huenda hakuwa mtu mmoja. Huenda ilikuwa ni foleni.

Jirani yangu mmoja wa Kondoa, mwanamke wa dini kwelikweli, aliniambia kitu siku zile ambacho kimenikaa. Kwao wamefundishwa kwamba kumsema mtu kwa jambo ambalo ni kweli, ila mwenyewe angechukia kulisikia, hiyo ndiyo ghiba. Likiwa la uongo, hiyo ni buhtani, kumzulia. Nimekulia kanisani na sikuwahi kuelezwa hivyo. Siku zote nilikuwa najitetea moyoni kwamba mimi sisemi uongo. Kumbe ukweli wangu wa mapazia haukunitoa kwenye kesi.

Nikakumbuka na darasani. Mwalimu wetu wa Kiswahili alikuwa anatuandikia ubaoni: kikombe kimevunjwa, kikombe kimevunjika. Ya kwanza kauli ya kutendwa, ya pili kauli ya kutendeka. Akasema, kwenye kutendwa unaweza kuuliza "na nani?" na ukajibiwa: kimevunjwa na Juma. Kwenye kutendeka huwezi. "Kimevunjika na Juma" si Kiswahili. Kikombe kimevunjika, basi, kama vile kilijivunja chenyewe. Sasa litazameni neno "inasemekana". Liko kwenye kutendeka. Huwezi kusema "inasemekana na mama fulani". Lugha yenyewe inakataa. Lugha yetu inalo neno la kusemea jambo lisilo na msemaji, na sisi tumelifanya kuwa neno la kufungulia mazungumzo. Nimelipima tangu siku ile: kila anayelitumia huishusha sauti kidogo. "Nasikia" ni afadhali, maana walau una masikio yako pale. "Usiseme nimesema mimi" nayo ni afadhali, maana walau mimi nipo.

Nilimwendea mwenyekiti wa mtaa, nikamwomba aitishe mkutano. Alisita. Kisheria valvu haimhusu, koki ni mali ya mtu binafsi, na maneno ya foleni hayana faili. Nikamwambia binti wa watu amechaniwa shati. Akaitisha.

Tulikutana Jumamosi jioni chini ya mwarobaini, watu wengi kuliko waliokuja mkutano wa mapato na matumizi. Mama wa Kisima alikaa mbele, kwenye kiti cha plastiki alichokuja nacho mwenyewe. Mwenyekiti alipofungua tu, mikono ikapanda na maneno yakaanza: tumesikia, inasemekana, watu wanalalamika. Hapo akasimama mzee mmoja Mgogo, ambaye boma la baba yake lilikuwa hapo kabla viwanja havijapimwa. Alisalimia kwa kwao, "Mbukwenyi," tukaitikia hata sisi tusiojua zaidi ya hapo. Kisha akasema:

"Leo kila mtu aseme alichokiona kwa macho yake, na anyamaze pale macho yake yalipoishia."

Mtu mmoja wa Iringa, Mhehe, akamrushia utani kwamba Mgogo akisimama mbele ya watu ni kuomba, leo kasimama kuamuru. Mzee akamjibu kwamba Mhehe anyamaze, alikimbilia milimani akaacha mbwa bila mlinzi. Watu wakacheka, na kifua cha mkutano kikalegea. Nilifikiri pale: utani wetu ni mkali kuliko umbea, lakini husemwa mbele ya mwenyewe, naye ana haki ya kurudisha.

Sikungoja. Nilisimama wa kwanza, nikasema mimi nilishona mapazia nikalipwa yote, nikasema maneno niliyoyasema, na macho yangu yaliishia hapo. Muuza mboga akasema la tangi. Kijana wa bodaboda akasema la chemba, akaongeza kwamba hakuona valvu ikiguswa. Yule jirani wa nyumba ya pembeni, aliyekaa kimya wiki nzima, akasema ni yeye aliyemwita fundi, na alimlipa shilingi 5,000. Mtumishi akasimama na simu, akasoma ratiba ya mgao. Kila kipande kilipolala peke yake mbele ya watu, kikiwa na mwenyewe wa kukishika, hakikufanana kabisa na lile vazi tulilomvisha mama wa watu.

Mama wa Kisima alipopewa nafasi hakulia. Alieleza kwamba kisima chake hakiungani na bomba la mtu. Maji ya bombani yakatike yasikatike, yeye anavuta ya chini ya kiwanja chake, na asipokuwa na umeme hana maji. Alieleza mkopo. Alieleza luku ya pampu. Akasema, "Nilijua mnanisema. Nilikuwa nawasikia mkinyamaza nikipita."

Msidhani baada ya hapo tulikumbatiana. Ubishi uliendelea saa nzima na nusu, na mimi niliufurahia ubishi ule kuliko kitu chochote cha mwaka ule. Kuna waliosema shilingi 100 ni nyingi kwa maji ya chumvi. Kuna waliomtetea kwa hesabu za umeme. Bibi mmoja akasema wazee wasio na watoto wapewe dumu moja bure asubuhi. Mama wa Kisima akakubali dumu moja, akakataa mawili. Mwingine akauliza kwa nini tunagombana na kisima cha mjane badala ya kuiandikia mamlaka kwamba saa za mgao za huku juu hazitoshi maji kupanda. Barua iliandikwa pale pale, watu 43 wakasaini. Bei haikushuka. Watu waliondoka wamekasirika, lakini wamekasirikia jambo wanalolijua, na kwa mtu waliyemtazama usoni.

Wiki iliyofuata mtendaji wa mtaa alibandika muhtasari ukutani ofisini. Nilikwenda kuusoma nikamkuta Mama wa Kisima amesimama mbele yake, miwani mkononi. Alikuwa ameweka kidole kwenye mstari mmoja: *Koki ya maji ya mkazi huyo ilivunjika usiku wa siku ya tisa.*

Akaingia ndani. Nikamfuata. Alimsalimia mtendaji, kijana mdogo kwake, kwa upole kabisa, akamwomba abadilishe neno moja.

"Neno gani, mama?"

"Uandike ilivunjwa."

Mtendaji akasema maana ni ile ile. Mama wa Kisima akasema, "Hapana, mwanangu, si ile ile," akasubiri. Kijana akachukua kalamu, akafuta, akaandika juu yake *ilivunjwa*, na baada ya neno hilo, sijui kama kwa kukusudia, akaacha nafasi. Karatasi ile bado iko ukutani, imepauka kwa jua la dirishani. Nafasi haijajazwa.